Vifaranga wa bata hufa mikononi mwa wanaowapenda

*Anayemchukua kifaranga asiye na mama anachukua na kazi ya mama. Wengi hawaijui kazi hiyo mpaka boksi limeshafika nyumbani.*

Na Mwandishi Wetu

Boksi la karatasi lilifika Kigamboni jioni, limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Ndani mlikuwa na vifaranga sita wa bata wenye umri wa siku mbili, wa njano yenye madoa meusi, wakilia bila kupumzika. Watoto wa nyumba ile walikuwa wakiwasubiri tangu mchana. Beseni la kufulia lilikwisha kujazwa maji ya bomba, maana nani asiyejua kwamba bata ni ndege wa maji?

Wakaogelea. Kwa muda ilikuwa furaha tupu: vifaranga wanazunguka beseni, wanazamisha vichwa na kuibuka, watoto wanashangilia. Giza lilipoanza kuingia wakatolewa, wakarudishwa kwenye boksi lililotandikwa gazeti, wakawekewa kisosi cha wali uliobaki na kuachwa barazani. Malaika yao yalikuwa yamelowa chapachapa na kugandamana na ngozi. Walijibana kona moja wakitetemeka, na kila aliyejaribu kusimama miguu ilimteleza, mmoja huku na mwingine kule.

Kulipokucha walikuwa wamebaki wawili.

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewafanyia ubaya. Walipewa maji, chakula na malazi, na vyote vilitolewa kwa moyo mweupe. Lakini maji yalikuja mapema mno, malazi yalikuwa yanateleza, chakula hakikuwa chao, na kitu walichokihitaji kuliko vyote, yaani joto, hakikuwapo kabisa.

Mitaani kuna imani kwamba bata hafi ovyo. Kwa bata mkubwa imani hiyo ina ukweli wake. Kideri kinachofagia kuku wa mtaa mzima mara nyingi humpitia bata asioneshe hata dalili. Ila ugumu huo huja na manyoya. Kabla manyoya hayajaota, kifaranga wa bata ni kiumbe dhaifu kuliko wanavyodhani wengi wanaomnunua, na ana mahitaji ambayo kifaranga wa kuku hana.

Kwa familia inayoanza ufugaji, boksi moja la vifaranga ni mtaji. Kwa watoto, mara nyingi ndio mnyama wa kwanza kuitwa wao. Kwa vifaranga wenyewe ni uhai. Vyote vitatu huamuliwa katika wiki chache za mwanzo.

KAZI AMBAYO MAMA HUIFANYA

Bata wengi wanaoonekana kwenye nyua za Pwani ya Afrika Mashariki ni wale wenye nyama nyekundu usoni, wasiopiga kelele bali kuvuma kwa pumzi. Hao ni aina ya Muscovy, na asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mayai yao hulaliwa kwa siku 35. Bata weupe wa Pekin na karibu aina nyingine zote zinazofugwa duniani wametokana na bata mwitu wa nchi za kaskazini, yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani. Mayai ya hao huanguliwa kwa siku 28.

Aina zozote ziwazo, mama hufanya kazi ileile. Huwafunika watoto kwa mbawa na kuwapa joto la mwili wake. Ana tezi ya mafuta karibu na mkia, na mafuta anayojipaka kwayo huwagusa watoto wanapojisugua chini yake, yakasaidia malaika yao yasinywe maji. Huwaongoza majini, na muhimu kuliko hilo, huwatoa majini na kuwakausha. Kifaranga aliyetotolewa na mashine, au aliyetenganishwa na mama siku ya kwanza, hana hata kimoja kati ya hivyo.

Uhusiano huo huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mtafiti wa Marekani Gilbert Gottlieb alionesha kwamba sauti anazozisikia kifaranga akiwa bado ndani ya yai huchangia kumfanya autambue mwito wa mama baada ya kuanguliwa. Konrad Lorenz wa Austria, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, alipata umaarufu kwa mabata bukini waliomfuata yeye kila aendako, kwa kuwa ndiye waliyemwona kwanza. Eckhard Hess wa Chuo Kikuu cha Chicago alipima jambo hilo kwa vifaranga wa bata, akaona kwamba hushikamana zaidi na kile wanachokifuata kati ya saa ya 13 na ya 16 baada ya kuanguliwa.

Kwa hiyo kifaranga anayefika nyumbani kwako akiwa na siku mbili ameshajua wenzake ni nani. Kilio kile cha kwenye boksi ni cha kutafuta. Hii ndiyo sababu wafugaji wenye uzoefu hawakubali kuuza kifaranga mmoja peke yake. Bata ni ndege wa kundi. Wawili ndio mwanzo, na watatu au wanne ni bora. Aliye peke yake hulia mpaka akachoka, hula kidogo, na hujikunyata pale ambapo mwenzake angemtia joto.

> Kilio kile cha kwenye boksi ni cha kutafuta.

SAA YA KWANZA

Maandalizi hufanywa kabla boksi halijafika. Kinachohitajika ni bruda, yaani chumba kidogo chenye joto: boksi kubwa imara, kreti la plastiki au kona ya banda iliyozungushiwa mbao, pasipopita upepo usawa wa vifaranga lakini penye hewa juu.

Sakafu itandikwe maranda ya mbao, au pumba za mpunga zilizo kavu na zisizo na ukungu. Gazeti lililolazwa peke yake lina hatari. Kifaranga anayeteleza siku za mwanzo anaweza kutanuka miguu kwenye nyonga asisimame vizuri tena. Siku mbili tatu za kwanza kitambaa kikuukuu chenye mkwaruzo, kilichotandazwa juu ya maranda, huwasaidia kukanyaga na huwazuia kula maranda kabla hawajajua chakula ni kipi.

Wakifika, kitu cha kwanza ni maji ya kunywa. Mshike kila mmoja kwa upole, chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji, kisha mwache. Akishajua maji yalipo, wenzake humfuata. Waliosafiri mbali wanaweza kutiliwa glukosi kidogo katika maji ya siku ya kwanza. Chakula kiwekwe wakishakunywa, kwenye kisahani cha chini wanachoweza kukiona.

Halafu waachwe. Hili ndilo gumu kwa nyumba yenye watoto. Vifaranga wametoka walikozoea, wamebebwa juu ya pikipiki, wameletwa kwenye sauti na harufu ngeni. Jioni ile ya kwanza wanahitaji kulala wakiwa na joto na wenzao. Kushikwashikwa kunaweza kusubiri kesho.

JOTO: WAANGALIE WENYEWE

Kipimo cha kuanzia ni nyuzi joto 32 hivi kwa wiki ya kwanza, kisha kupunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka kufikia joto la kawaida la mahali. Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, mchana wa kiangazi wenyewe unakaribia kiwango hicho, na taa inaweza kuzimwa. Hatari ya Pwani ni usiku, na hasa mvua za masika zinapopiga na upepo ukaingia. Njombe, Mbeya au Limuru, joto litahitajika mchana na usiku, tena kwa wiki nyingi zaidi.

Asiye na kipimajoto asikate tamaa, kwa kuwa vifaranga wenyewe husema. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi, wakihema, joto limezidi. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wamenyoosha shingo, mambo yako sawa. Ndiyo maana taa hufungwa upande mmoja wa bruda, ili upande wa pili ubaki na ubaridi na kila mmoja achague.

Hapa kuna kosa la siku hizi. Balbu nyingi zinazouzwa madukani sasa ni za kuokoa umeme. Zinatoa mwanga mzuri, lakini joto lake ni dogo mno kumsaidia kifaranga. Inayotakiwa ni balbu ya zamani yenye waya unaowaka, au taa maalumu ya joto kutoka duka la pembejeo za mifugo, ining'inizwe kwa mnyororo au waya imara, mbali na maranda. Maranda hushika moto upesi.

Umeme ukikatika, chupa za plastiki zilizojazwa maji ya moto na kuviringishwa kwa kanga zinaweza kuwavusha usiku mzima zikibadilishwa. Jiko la mkaa limezoeleka kwa walezi wa vifaranga vijijini, lakini chumba kilichofungwa chenye mkaa unaowaka hujaa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua vifaranga na watu. Anayelazimika kutumia mkaa aweke kwenye chungu, auwashe nje kwanza hadi moshi uishe, na dirisha libaki wazi. Asilale chumba hicho hata kidogo.

MAJI: HOJA MBILI

Hakuna jambo linalobishaniwa na wafugaji wa bata kama kuogelea kwa vifaranga.

Wanaotaka waogelee mapema wana hoja nzito. Bata mwitu huwapeleka watoto majini muda mfupi baada ya kuanguliwa. Maji husafisha macho na pua, hukaza misuli ya miguu, na kumnyima bata maji ni kumnyima ubata wake. Wanaokataa wanasema mfano huo umekatwa katikati. Yule wa mwituni hutoka majini akaingia chini ya mbawa za mama. Huyu wa bomba na beseni hutoka akaingia kwenye boksi.

Hoja zote mbili ni za kweli, na zinapatanishwa na utaratibu. Tangu siku ya kwanza kifaranga anahitaji maji ya kina cha kutosha kuzamisha mdomo mzima mpaka matundu ya pua yaoshwe. Asipoweza, pua huziba kwa chakula na macho huota utando. Lakini hapaswi kuweza kuingia mwili mzima. Kidumu cha mafuta ya kula cha lita tano kinatosha: kikatwe matundu pembeni yanayopitisha kichwa na shingo tu. Sahani pana iliyotiwa kokoto safi nayo inafaa. Maji yawepo kila mara chakula kinapokuwepo, kwani kifaranga wa bata hula na kunywa kwa zamu, na akikosa maji chakula kikavu kinaweza kumkaba.

Kuogelea kwa majaribio kunaweza kuanza mwishoni mwa wiki ya kwanza. Iwe mchana wa jua, maji yawe vuguvugu na yasizidi kina cha miguu yao, pawepo kitu cha kupandia, na ichukue dakika chache tu mtu akiwa palepale. Kisha wakaushwe kwa taulo na kurudishwa penye joto hadi wawe wakavu kabisa. Kuachiwa dimbwini bila uangalizi kusubiri manyoya yafunike kifua na tumbo, jambo ambalo kwa kawaida hufika kati ya wiki ya saba na ya tisa.

> Yule wa mwituni hutoka majini akaingia chini ya mbawa za mama. Huyu wa bomba na beseni hutoka akaingia kwenye boksi.

Na asiye na dimbwi asijione hana haki ya kufuga bata. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya kulinganisha bata waliopewa dimbwi na wale waliopewa bomba la mvua au hori la maji. Kwa usafi wa macho, pua na manyoya, bomba na hori vilifanya kazi sawa na dimbwi. Ndoo pana inayobadilishwa maji kila siku ni bora kuliko shimo la maji yaliyotuama, ambalo siku za joto huzaa mbu, na lenye mizoga au majani yanayooza linaweza kuwapa bata sumu ya bakteria inayolegeza shingo na kuua.

CHAKULA NA SUMUKUVU

Kifaranga wa bata hukua kwa kasi ya kushangaza. Pekin anayetoka kwenye yai akiwa na uzito wa gramu 50 hivi anaweza kufika kilo tatu kwa wiki saba akilishwa vizuri. Mwili unaojengwa kwa kasi hiyo unahitaji chakula cha kuanzia chenye protini ya asilimia 20 hadi 22 kwa wiki mbili tatu za kwanza, kisha kishushwe hadi 16 au 18.

Chakula cha vifaranga wa bata ni nadra madukani kwetu, kwa hiyo wengi hununua cha kuku. Kinaweza kutumika, kwa masharti mawili. Kwanza, ulizia kisichotiwa dawa, maana kipimo kimepangwa kwa kuku na bata hula kingi zaidi. Pili, kiongezewe niasini, vitamini ya kundi B. Mwongozo wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani wa mwaka 1994 unaweka miligramu 55 za niasini kwa kila kilo ya chakula cha kifaranga wa bata, ilhali wa kuku wa nyama hutosheka na 35.

Upungufu huo huonekana miguuni. Kifaranga huanza kuchechemea, kifundo huvimba, miguu hupinda kama upinde, na mwisho hushindwa kufika kwenye maji. Watu husema amekanyagwa. Mara nyingi amekosa niasini. Vitamini za kundi B za kuyeyusha majini kutoka duka la mifugo, chachu ya pombe iliyokaushwa, au dagaa wasiotiwa chumvi waliosagwa huziba pengo hilo. Mahindi peke yake hayawezi, kwa kuwa niasini yake imefungwa isimeng'enywe kirahisi. Mchicha au tembele uliokatwa vipande vidogo ni nyongeza nzuri, na mchanga kidogo husaidia kusaga majani tumboni.

Liko jambo moja la chakula ambalo mwandishi huyu anataka kila msomaji alishike. Usimpe kifaranga wa bata mahindi, pumba au mashudu yenye ukungu, hata kidogo.

Mwaka 1960 mabata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulifika kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil, yaliyoota kuvu, na sumu yake ndiyo tunayoiita leo sumukuvu. Wanasayansi walipotaka kujua chakula kipi kina sumu hiyo, walimtumia kifaranga wa bata wa siku moja kama kipimo, kwa sababu ini lake lilidhurika kwa kiasi kidogo mno.

Sumu hiyohiyo tunaifahamu kwa misiba yetu. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 walifariki. Mwaka 2016 ikaua watu 20 Dodoma na Manyara. Pamoja na hayo, bado tunayo mazoea ya kuchambua mahindi yaliyoharibika na kuwatupia ndege. Kwa kifaranga wa bata, mahindi hayo ni sumu mara mbili.

KUKU MLEZI AU TAA?

Wako wanaosema taabu yote hii ya balbu na chupa za maji ya moto ina jibu la siku nyingi: mpe kuku wa kienyeji alee. Kuku mwenye moyo wa kulea huwakubali vifaranga wa bata, hasa wakiingizwa chini yake usiku. Huwapa joto kwa kiwango sahihi bila umeme, huwafundisha kudonoa, na akimwona mwewe hupiga kelele na kuwafunika. Kwa nyumba isiyo na umeme wa uhakika, huyu ni mlezi wa thamani kubwa.

Upande wa pili nao una yake. Kuku huatamia siku 21, kwa hiyo akipewa mayai ya bata lazima avumilie wiki nzima ya ziada, au mbili kwa Muscovy, na wengine huacha kiota njiani. Hana mafuta ya kutosha kuwakinga watoto na maji. Wanapoona dimbwi wao huingia, yeye hubaki ukingoni akihangaika. Kuku mwingine huwashambulia wale asiowatambua, na akifanya hivyo usiku hakuna wa kuokoa.

Suala la kuwachanganya bata na kuku banda moja huleta ubishi uleule. Eneo ni dogo, banda ni moja, na inaonekana busara kuwaweka pamoja. Lakini bata humwaga maji, na sakafu mbichi huwaletea kuku kuhara damu. Bata anaweza kubeba virusi vya kideri bila kuugua, akawapa kuku. Jogoo na dume la bata nao huweza kuwaumiza majike yasiyo yao.

Kwa maoni yangu, kuku mlezi ni msaada mkubwa katika wiki za mwanzo, mradi awe amejaribiwa na awe na chumba chake na watoto wake. Wakishaota manyoya, bata wawe na banda lao, na kuku wote wa nyumbani wachanjwe kideri bila kukosa.

ADUI WA UANI

Dar es Salaam, adui wa kwanza huja kutoka juu. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, waliofikishwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 na kuenea mwambao mzima, huchukua vifaranga mchana kweupe. Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja, na malalamiko ya wafugaji wa Pwani yalikuwa miongoni mwa sababu.

Kinga ni wavu juu ya uwanja wao, si mtu wa kufukuza. Chini kuna paka, panya, nguchiro na kenge, ambao hupita kwenye tundu dogo kuliko unavyodhani. Wavu wa matundu madogo uzikwe kidogo ardhini. Maeneo yenye siafu, bruda iinuliwe juu ya miguu minne iliyosimama kwenye makopo ya maji au mafuta machafu.

WATOTO NA MIKONO YAO

Kifaranga aliye mzima wa afya anaweza kubeba bakteria wa salmonela kwenye kinyesi na malaika yake. Nchini Marekani, mamlaka za afya hurekodi milipuko inayotokana na kuku na bata wa nyumbani kila mwaka, na watoto wadogo huumia zaidi. Walio chini ya miaka mitano watazame na kufurahi bila kuwashika. Wakubwa washike wakiwa wamekaa chini, wasiwabusu, na wanawe kwa sabuni mara wakimaliza. Vyombo vya bata visioshwe jikoni.

Mtoto akifundishwa kukaa kimya karibu na bruda na kuweka mkono wenye majani ya mchicha uliokatwa, vifaranga watamjia wenyewe baada ya siku chache. Akiwafukuza na kuwakamata kwa shingo, watamwogopa mpaka wakubwa.

KUTOKA BRUDA KWENDA BANDANI

Kufikia wiki ya tatu au ya nne, mahali penye joto la Pwani, taa huwa haina kazi tena mchana na boksi limekuwa dogo. Watolewe nje hatua kwa hatua: saa chache za jua kwenye nyasi, kisha mchana mzima, usiku ndani. Wakati wa kulisha jioni tumia sauti moja isiyobadilika, kugonga kopo au kuita, na chakula kiwe bandani. Bata hushika mazoea upesi, na kundi lililozoea mwito hujipeleka lenyewe.

Kama pana bata wakubwa, wasikutanishwe ghafla. Watenganishwe kwa wavu siku kadhaa, waonane na kusikiana, ndipo mlango ufunguliwe mchana ukiwepo. Wakubwa watadonoa kidogo kupanga safu. Damu ikitoka, rudisha wavu.

Anayeona kifaranga amejitenga, amefumba macho, anapinda shingo nyuma au anapiga mateke akiwa amelala ubavu, asisubiri kesho. Homa ya ini ya virusi inayowapata vifaranga wa bata huua kwa saa chache, hasa walio chini ya wiki sita. Mgonjwa atengwe na afisa mifugo aitwe.

WAJIBU WA ANAYEUZA

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumjali mnyama unayemmiliki ni wajibu wa kisheria. Lakini sheria haimfikii mama aliyenunua vifaranga sita jioni asijue kwamba balbu aliyonayo haitoi joto. Anayeweza kumfikia ni yule anayemkabidhi boksi.

Karatasi moja yenye mistari kumi ingetosha: joto, kina cha maji, aina ya chakula, vitamini, namba ya afisa mifugo wa kata. Mwuzaji amwulize mnunuzi kama bruda iko tayari, na kama haiko ampe siku mbili za kuandaa. Akatae kuuza mmoja peke yake. Ofisi za mifugo za kata, ambazo tayari hutoa elimu ya kuku, ziongeze ukurasa wa bata, kwa sababu nyua zetu zina bata wengi na maandiko ya Kiswahili juu yao ni machache.

Na kwa msomaji anayefikiria kuwaletea watoto wake vifaranga mwisho wa wiki hii: tandika maranda leo, washa taa usiku mmoja uone kama joto linatosha, nunua chakula na vitamini, tafuta wavu. Vyote vikishakaa sawa, nenda kachukue wawili au zaidi. Kama bado, subiri. Wiki moja ya kusubiri haimdhuru mtu, na kifaranga atakayekuja kwenye nyumba iliyojiandaa ana kila sababu ya kuishi.